Karl Terzaghi: Mhandisi aliyeusoma udongo kabla ya kujenga

Kila jumba la ghorofa linapoinuka huku kwetu, iwe Nyali, Tudor au Mtwapa, watu hutazama juu. Wanauliza kodi itakuwa pesa ngapi na kama kutakuwa na lifti. Swali langu mimi huwa la chini: limesimama juu ya nini? Nimeuliza swali hilo mara nyingi barazani hata wenzangu wamechoka nalo, na ndiyo sababu leo naligeuza kuwa makala. Nataka kusimulia maisha ya mtu aliyelibeba swali hilo miaka zaidi ya hamsini. Jina lake ni Karl Terzaghi. Kila injinia wa ujenzi aliyepita chuo kikuu anamjua. Sisi wengine hatumjui, ingawa tunalala juu ya kazi yake.

Alizaliwa Prague tarehe 2 Oktoba 1883, wakati mji huo ulipokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na mtoto akapelekwa shule za kijeshi za bweni angali mdogo. Huko alipenda nyota, ramani na hesabu kuliko gwaride. Mwaka 1900 akaingia chuo cha ufundi cha Graz, Austria, kusomea uhandisi wa mitambo. Alikuwa mwanafunzi mkorofi, na nusura afukuzwe chuoni. Hata hivyo alihitimu mwaka 1904. Alipokuwa akitumikia mwaka wake wa lazima jeshini, alitafsiri kitabu cha Kiingereza cha jiolojia ya nyanjani kwa Kijerumani. Naona hapo ndipo safari ilipoanza hasa: mtu wa mitambo amekaa kambini, anasoma habari za mawe.

Akaajiriwa na kampuni moja ya Vienna, akatumwa Kroatia kupima mahali pa kujenga mtambo wa umeme wa maji. Ardhi ya huko ni ya mawe ya chokaa yaliyojaa mapango. Mto unatiririka vizuri, kisha unazama ardhini na kutokea kwingine. Msomaji wa Kwale hahitaji maelezo marefu. Mwamba wetu wa matumbawe nao ni chokaa, na mji wa Shimoni umepata jina lake kutokana na mapango yaliyo ndani ya mwamba huo. Juu unaona jiwe gumu, chini kuna uvungu. Terzaghi alilijua hilo akiwa kijana, na halikumtoka kichwani.

Baada ya Kroatia alikwenda Urusi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1912, na mwaka huohuo akavuka bahari hadi Marekani. Alikuwa na wazo lililoonekana zuri. Marekani ilikuwa inajenga mabwawa makubwa katika majimbo ya magharibi, basi yeye angezunguka kwenye kazi hizo, aandike jiolojia ya kila mahali na yale yaliyolipata kila jengo, halafu apate kanuni ya kutabiri. Alizunguka, akajaza madaftari, na mwishoni mwa 1913 akarudi kwao mikono mitupu. Majina ya wanajiolojia hayakumsaidia. Sehemu mbili zinaitwa udongo wa mfinyanzi, moja inabeba bwawa bila shida, nyingine inateleza. Jina lilikuwa moja, tabia mbili. Akaona kwamba udongo hautajulikana kwa kuitwa jina. Itabidi upimwe, kama chuma kinavyopimwa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkuta mwanajeshi. Mwaka 1916 alipelekwa Constantinople, mji unaoitwa Istanbul leo, kufundisha katika chuo cha uhandisi cha dola ya Uturuki, iliyokuwa mshirika wa Austria. Upande wao uliposhindwa mwaka 1918, kazi ikaisha. Alikuwa raia wa nchi iliyovunjika, katika mji uliokaliwa na majeshi ya washindi. Akapata nafasi Robert College, chuo cha Wamarekani kilichokuwa juu ya kilima kando ya bahari. Mshahara ulikuwa mdogo na maabara haikuwapo.

Hapa ndipo mimi husimama kila ninaposoma habari zake. Terzaghi alijitengenezea maabara kwa takataka. Alichukua masanduku ya sigara yaliyotupwa, vipande vya mabati, vifaa vya kawaida vya jikoni na vyuma chakavu, akatengeneza vyombo vya kubana udongo na kupima maji yanavyopita ndani yake. Aliandika orodha ya majaribio aliyotaka kuyafanya, akaanza moja baada ya jingine, miaka nenda miaka rudi. Aliweka bonge la udongo wa mfinyanzi uliolowa ndani ya pete, akaweka uzito juu, akatazama. Udongo haukushuka mara moja. Ulishuka kidogo kidogo, kwa saa na kwa siku, na maji yakitoka. Akaongeza uzito, ukashuka tena polepole.

Alichokigundua anaweza kukielewa yeyote aliyewahi kukamua tui. Tia nazi iliyokunwa ndani ya kifumbu ukakamue. Mwanzo nguvu ya mkono wako inapokewa na maji, unahisi yanakusukuma. Kadiri tui linavyotoka, machicha ndiyo yanayobaki yakipokea mkamuo, na yanabanana. Udongo uliojaa maji uko vivyo hivyo. Ukiweka nyumba juu yake, uzito unabebwa kwanza na maji yaliyo katikati ya chembe. Maji hayana mshiko. Hayawezi kuzuia kitu kisiteleze. Nguvu ya udongo inatoka kwa chembe zenyewe zinapokandamizana. Kwa hiyo ukitaka kujua udongo utabeba nini, chukua uzito wote ulio juu yake, toa shinikizo la maji, na kinachobaki ndicho kinachobebwa na chembe. Hesabu ni ya kutoa tu, mtoto wa msingi anaiweza. Lakini kabla yake hakuna aliyeiweka wazi namna hiyo na kuijengea elimu nzima.

Tofauti kati ya mchanga na mfinyanzi nayo ikaeleweka. Katika mchanga maji yanatoka upesi, kwa hiyo jengo hushuka wakati linajengwa na basi. Katika mfinyanzi njia za maji ni finyu mno, kwa hiyo jengo laweza kuendelea kudidimia miaka mingi baada ya mwenyewe kuhamia, kupaka rangi na kupangisha. Mwaka 1923 alitoa hesabu ya mwendo huo wa polepole. Mwaka 1925 kitabu chake cha Kijerumani kuhusu mekanika ya udongo kikachapishwa Vienna, na mwaka huohuo akaitwa na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani.

Sasa nije kwenye nguzo, kwa sababu ndizo zinazoonekana mtaani kwetu, na ndipo maoni yake yalipowaudhi watu wengi.

Ardhi ya juu inapokuwa dhaifu, msingi wa kawaida hautoshi. Wajenzi hupigilia chini nguzo ndefu za mbao, chuma au zege, au hutoboa shimo refu na kulijaza vyuma na zege. Nguzo hiyo hupata nguvu mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye ncha, ikiwa imefika kwenye mchanga ulioshikana au mwamba. Pa pili ni ubavuni, udongo unapoishika kwa msuguano kutoka juu hadi chini. Mfinyanzi laini usio na mwamba karibu hautoi kitu cha maana kwenye ncha. Karibu kazi yote inafanywa na ubavu.

Wahandisi wa zamani walikuwa na njia ya mkato. Walipiga nguzo kwa nyundo nzito, wakapima imeshuka kiasi gani kwa pigo la mwisho, kisha wakaingiza namba katika kanuni iliyowaambia nguzo itabeba tani ngapi. Terzaghi alisimama miaka mingi akipinga kanuni hizo. Pigo la nyundo ni la kufumba na kufumbua, nyumba inakaa vizazi. Katika mfinyanzi, nguzo inapoingia inauvuruga udongo ulio kandokando na kuyabana maji yake yasipate pa kwenda. Wakati huo udongo umelegea kama uji, na nguzo inashuka kwa urahisi. Iache wiki kadhaa, maji yapenye taratibu, udongo utulie, na nguzo hiyohiyo itakuwa imeshikwa barabara. Yapo pia maeneo ya mchanga laini sana uliolowa ambapo mambo hugeuka: nguzo inakataa kuingia leo, ukiirudia kesho inashuka. Sasa hiyo namba ya nyundo inakwambia nini?

La pili ndilo lililowagharimu wengi. Mtu anapiga nguzo moja ya majaribio, anaipakia mzigo, anaitazama siku mbili tatu, haitikisiki. Anafurahi, anapiga mia mbili kama hiyo na kujenga. Baada ya miaka michache jengo limedidimia. Nguzo hazikuvunjika, na kila moja ilikuwa nzima. Kilichotokea ni kwamba nguzo moja inausukuma udongo ulio karibu nayo tu, lakini mia mbili zilizokaribiana zinasukuma kwa pamoja kama bamba moja pana, na mgandamizo wao unafika chini mbali, kwenye tabaka laini ambalo jaribio la nguzo moja halikuligusa kamwe. Kwa nguzo zinazotegemea msuguano katika mfinyanzi, yeye na mwenzake Ralph Peck walishauri mhandisi afanye hesabu kana kwamba uzito wote umelazwa chini, kwenye kina cha theluthi mbili za urefu wa nguzo, kisha ajiulize udongo ulio chini ya hapo utabanana kiasi gani. Mpaka leo wanafunzi wanaanza na hesabu hiyo.

Kuna na mkasa mwingine ambao watu wa kando ya hori wanapaswa kuujua. Mtu ananunua ploti penye tope la mikoko, anamwaga malori ya kifusi ili painuke, kisha anapiga nguzo kupita kwenye tope mpaka mwamba. Anadhani udongo utazishika nguzo zake. Lakini kifusi kile ni mzigo mpya. Tope chini yake linaanza kubanana na kushuka, na linaposhuka linazikokota nguzo nalo. Msuguano uliotarajiwa kusaidia umegeuka mzigo. Nguzo sasa zinabeba nyumba na zinabeba tope.

Na mwamba? Mwamba mzima ndio rafiki mkubwa wa nguzo, lakini sharti ujulikane ni mzima. Fort Jesus imekaa juu ya matumbawe tangu Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593, na imepigwa mizinga na bado ipo. Matumbawe hayohayo, hatua chache pembeni, yanaweza kuwa na tundu au mfuko wa mchanga. Ncha ya nguzo ikitua juu ya paa jembamba la pango, fundi atasikia ugumu na kuridhika. Dawa ni kutoboa mashimo ya uchunguzi yapite chini ya pale ncha itakapokaa, na kufanya hivyo sehemu nyingi, maana shimo moja linasema habari za shimo moja. Nimewasikia wenye ploti wakilalamika kwamba pesa za uchunguzi ni pesa za kufukia ardhini. Hao hao hawalalamikii bei ya vigae.

Turudi kwa mtu wetu. Mwaka 1929 alirudi Vienna kuwa profesa katika chuo cha ufundi, akiwa amekwisha kuwa na jina. Mwaka 1930 alimwoa Ruth Doggett, mwanajiolojia Mmarekani, ambaye baadaye alifanya naye kazi nyingi. Vienna wanafunzi walimjia kutoka kila pembe ya dunia. Na Vienna ndipo lilipotokea jambo la kusikitisha kuliko yote maishani mwake.

Katika chuo hichohicho alikuwepo profesa mwingine, Paul Fillunger, mtaalamu wa mekanika. Fillunger alikuwa ameandika kuhusu maji yaliyo ndani ya vitundu vya kuta za mabwawa tangu 1913, kabla Terzaghi hajafika Constantinople. Mwishoni mwa 1936 alichapisha kijitabu kilichomshambulia Terzaghi na mwenzake Otto Karl Fröhlich. Alidai hesabu zao hazina msingi, na lugha yake ilivuka mipaka ya ubishi wa kitaalamu ikawa ya kumvunjia mtu heshima. Chuo kikaunda kamati ya kuchunguza. Terzaghi na Fröhlich wakajibu kwa maandishi, na wanakamati wakazipitia hesabu mstari kwa mstari. Ilipobainika kwamba uamuzi unaelekea upande wa Terzaghi, Fillunger na mkewe walijiua nyumbani kwao. Ilikuwa Machi 1937.

Wengi wanaomsifu Terzaghi huipita habari hii mbio, nami sioni haki kufanya hivyo. Fillunger alikosea katika mashtaka yake, lakini hakuwa mjinga. Miaka mingi baadaye, wataalamu waliorudi kwenye maandishi yake walikuta kwamba njia yake ya kuhesabu udongo na maji kama vitu viwili vilivyochanganyika ilikuwa ya mbele ya wakati wake, na leo wanamtaja miongoni mwa waasisi wa elimu hiyo. Watu wawili walikuwa wameuona ukweli mmoja kutoka milango miwili, chuo kimoja, mji mmoja. Mmoja wao alikuwa na majibu ya vitendo yaliyosimamisha majengo, na pia ulimi mkali na marafiki wengi. Mwingine alikuwa na karatasi zake.

Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria, na mwaka huo Terzaghi akahamia Marekani moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Harvard kilimpokea. Tayari mwaka 1936 mkutano wa kwanza wa kimataifa wa fani yake ulikuwa umefanyika hapo, kwa juhudi za Arthur Casagrande, Mwaustria aliyewahi kuwa msaidizi wake. Terzaghi akawa rais wa chama kilichozaliwa na mkutano huo hadi 1957. Kazi ya Chicago ilimpata upesi. Mji ulikuwa unachimba njia za treni chini ya barabara zake, ndani ya mfinyanzi laini, na majengo marefu yakiwa juu. Alimweka Ralph Peck, kijana wakati huo, awe macho yake pale, akipima kila siku udongo unasogea kiasi gani ili wachimbaji wabadilishe mwendo kabla ya madhara. Mwaka 1948 wawili hao walitoa kitabu ambacho bado kinafundishwa.

Alikuwa mtu mgumu, tusifiche. Hakuvumilia wajinga, na orodha yake ya wajinga ilikuwa ndefu. Alipenda kupanda milima, aliandika shajara karibu maisha yake yote, na alikubali kazi kwa sharti la kwenda mwenyewe kuona. Mwaka 1954 alifanywa mwenyekiti wa jopo la washauri wa bwawa kuu la Aswan, Misri. Warusi walipoishika kazi hiyo hawakuelewana, akajiuzulu mwaka 1959.

Kenya nayo imo katika habari zake, jambo ambalo sijaona likitajwa sana. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bwawa la Sasumua, Nyandarua, ili kuipelekea Nairobi maji. Lilikuwa la udongo, na udongo wenyewe, mwekundu wa milimani, uliwachanganya wataalamu. Vipimo vya maabara vya kawaida viliutia katika kundi la mfinyanzi usiofaa, lakini ukiushindilia ulikuwa imara. Watu wakabishana. Terzaghi alilichambua jambo hilo na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu bwawa hilo katika jarida la wahandisi wa ujenzi wa London. Alieleza kwamba udongo ule una madini yaitwayo haloisaiti, na kwamba chembe zake ndogo sana zimegandamana zikawa punje ngumu zenye vitundu. Kipimo kinazivunja punje hizo na kusoma unga. Bwawani zinabaki punje. Ndiyo maana karatasi ilisema hivi na udongo ukasema vile. Wakati huo alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na swali lilikuwa lilelile lililomrudisha mikono mitupu kutoka Marekani mwaka 1913: jina moja, tabia mbili.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa bwawa la Mission, katika jimbo la British Columbia, Kanada, lililojengwa juu ya mfinyanzi unaobanana sana, mahali ambapo wengi wangekataa. Alilitengeneza liweze kudidimia bila kupasuka, likakamilika mwaka 1960. Alifariki Winchester, Massachusetts, tarehe 25 Oktoba 1963, akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka 1965 bwawa lile lilipewa jina lake. Shajara na karatasi zake ziko Oslo, Norway, katika taasisi ya wataalamu wa ardhi. Sasumua bado inapeleka maji Nairobi.